Kesho ya Kristofa

Leso za Kristofa zilikuwa na sufuria yake. Ng'washi aliiweka nyuma ya jiko, mbali na vyombo vya kulia, na kila Jumamosi alizichemsha humo kwa magadi na sabuni ya mche huku amegeuza uso. Damu iliyokauka, kamasi, na kitu fulani cha kijivujivu ambacho hakutaka kujua ni nini, vyote vilipanda juu na povu, vikazunguka, vikazama tena. Alizikoroga kwa kijiti ambacho hakikuwa na kazi nyingine. Wapo wanawake wanaoikumbuka ndoa yao kwa picha ya harusi ukutani. Ya kwake ilikuwa inachemka pale mbele yake, na ilinuka.

Kinyaa, ndilo neno lenyewe. Watu wa mtaa ule wa pembezoni mwa Bariadi walikuwa na maneno mengine ya kumpa. Walimwita mvumilivu. Kanisani walimwita nguzo. Mama mkwe wake, Kwandu, alimtaja kwa wageni kama mke wa mfano, kisha wageni wakiondoka alimwuliza kwa nini chai imepoa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza kama naye huwa anachafukwa na roho. Alichafukwa. Alikula akiwa amegeukia ukuta ili asimwone mumewe akivuta kamasi katikati ya matonge, akaimeza, akaendelea kutafuna kama hana habari.

Tuwe wa haki: Kristofa hakuzaliwa hivyo. Alikuwa dereva wa lori, anapeleka marobota ya pamba Dar es Salaam, mtu wa mashati yaliyonyooshwa na zawadi za mkate wa mjini. Huko bandarini, kwenye foleni ya kushusha mzigo, akakutana na watu waliomwambia upo unga mweupe unaoondoa usingizi kuliko kahawa. Kokeini. Akaujaribu kwa ajili ya safari. Baada ya muda hakuwa na safari bila unga, na mwisho akawa na unga bila safari. Lori likapewa mwingine. Yeye akarudi nyumbani na pua inayovuja na mdomo uliojaa uongo, akaanza kuuza: cherehani ya Ng'washi, maksai wa kulimia, plau, hadi mlango wa stoo.

Hayo yote Ng'washi angeyasamehe, kwa sababu vitu ni vitu. Lakini kulikuwa na ile siku. Binti yao, Kabula, alipata homa iliyomkaza shingo, na Kristofa akaenda mjini kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Hakurudi. Ng'washi alisimama barabarani na mtoto mikononi mpaka jirani akampakia kwenye baiskeli. Mtoto alipona, ila sikio la kushoto lilibaki kwenye ile homa, halikusikia tena. Kristofa alitokea baadaye, pua nyekundu, anacheka peke yake, akauliza kuna chakula gani.

Mara hiyo Ng'washi alikimbilia kwao Lalago. Kaka yake, Masele, alimpokea vizuri, akamchinjia kuku, kisha akamrudisha mwenyewe kwa mumewe. Ng'ombe waliotolewa kama mahari yake walikuwa wameshatoka tena zamani kwenda kumwolea Masele mke. "Dada," alimwambia njiani, kwa upole wote, "ng'ombe wako ndio hawa watoto wangu. Nitawarudishaje?" Ng'washi alitazama nje ya dirisha la basi na kujihisi kama mzigo uliopelekwa, ukakataliwa, ukarudishwa kwa mwenyewe.

Basi ndipo akatokea Salvatory.

Alikuwa mshauri katika kituo kidogo nyuma ya kanisa, mtu wa sauti ya chini, mwenye sweta hata jua likiwaka. Mchungaji ndiye aliyewapeleka kwake. Salvatory hakuwadanganya. Alisema wale wa heroini wana dawa yao ya kunywa kwenye kliniki za miji mikubwa, lakini kokeini haina kidonge cha kuikata. Yeye alikuwa na njia aliyofundishwa kwenye semina Mwanza, ambayo wataalamu walikuwa bado wanaipima.

"Mtu aliyezoea kokeini, kesho yake inasinyaa," alisema. "Mwambie habari za mwakani, haoni kitu. Anaona sasa hivi tu. Tunachofanya hapa ni kumrudishia kesho. Siyo kuiombea, ni kuiona. Achague siku moja huko mbele na aiseme mpaka aisikie harufu yake. Nani amekaa wapi, nini kinalia, mkononi ameshika nini. Tunairekodi kwa sauti yake mwenyewe. Hamu ikimjia, aisikilize. Hamu hupita, kama mtu ana kitu cha kushika wakati inapita."

Ng'washi alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Moyoni alisema: huyu naye. Miaka yote mume wangu anaishi kwa hadithi, leo tumemletea mtu wa kumfundisha hadithi nyingine.

"Haya, Kristofa," Salvatory alisema. "Siku moja."

"Nitakuwa na maisha mazuri," alisema Kristofa, akavuta kamasi.

"Hayo ni ya kila mtu. Nipe siku yako."

"Nitakuwa nimeacha. Nina nyumba. Nina ng'ombe."

"Wa rangi gani?"

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Muulize Msukuma habari za maisha, atakujibu kwa heshima na kwa ufupi. Muulize ng'ombe wake wana rangi gani, utakaa hapo mpaka jua lizame. Kristofa aliinua kichwa. Kuna dume jekundu, alisema, lina baka jeupe kwenye paji, linatangulia mbele na halitaki kuguswa mkia. Nyuma yake jike la madoadoa kama kanga wa porini. Mwingine mweusi, pembe moja imeinamia jicho. Mtamba wa rangi ya majivu anayelialia. Wanaingia zizini wakati mvua imekatika, mavi yamelowa, harufu imejaa uwanja. Ni ng'ombe wa mahari ya Kabula, wameletwa na wakwe kutoka Lingeka, na wazee wamekaa kwenye viti wanawatazama bila kusema, maana hakuna cha kukosoa. Kabula mwenyewe amesimama mlangoni na gauni la bluu. Ananiita baba. Nikimwita kwa sauti ndogo anageuka, anasikia kwa masikio yote mawili.

Ng'washi alimgeukia mumewe. Miaka aliyokaa upande wa kulia wa mtoto, usiku wa kumnong'oneza kwenye sikio lililobaki, mwalimu aliyemwita Kabula mjinga kwa sababu hakumsikia, yote mwanamume huyu ameyafuta kwa sentensi moja, bila hata kuomba radhi. Amemponya mtoto kwa mdomo. Mdomo uleule.

"Vizuri sana," Salvatory alisema taratibu. "Chakula?"

"Kipo. Wali na nyama ya mbuzi."

"Umenawa?"

"Nimenawa. Maji ya uvuguvugu, yana harufu ya moshi."

"Nani ameleta maji?"

Kristofa alikunja uso, macho yamefumbwa. Alitafuta. Ng'washi alimwona akitafuta, na bila kujijua akajiweka sawa kwenye kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Sijui," alisema Kristofa. "Maji yapo tu."

Maji hayapo tu. Katika nyumba ile, kama nyumba nyingi za huko, maji ya kunawa yana miguu. Mke anayachota, anayapasha, anayaleta kwa jagi mkono wa kulia na beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Anapiga magoti mbele ya mgeni wa kwanza, anamimina, anasubiri, anampa taulo, anasogea kwa wa pili, na mume wake anakuwa wa mwisho. Magoti ya Ng'washi yalikuwa na ngozi ngumu kama kisigino. Usiku alizipaka mafuta sugu zile na wala hazikulainika.

Lakini ukweli usemwe, hata kama unauma: ile tiba ilifanya kazi.

Haikufanya kazi mara moja. Kristofa aliteleza, akatoweka, akarudi, akalia kwa Salvatory, akaanza upya. Kisha, pole pole, vipindi vya kuteleza vikaachana. Kila asubuhi aliketi chini ya mwarobaini na spika za masikioni, macho yamefumbwa, midomo inacheza, anahesabu ng'ombe wake. Akanenepa. Pua ikakauka. Alipata kazi ya kupakia mbegu kwenye ghala, akaifanya. Majirani waliokuwa wanaficha kuku wakimwona, sasa walimpa mkono. Kwandu alitembea nyumba hadi nyumba akishukuru kwa Kisukuma, "Mwanangu kapona. Wabeja Mungu, wabeja sana," na kuonyesha kwa vidole pua ya mwanawe ilivyokuwa na ilivyo sasa.

Ng'washi alingoja kinyaa kimtoke. Alidhani ni kama uvundo: ukiondoa kinachooza, ukafungua dirisha, unaisha. Kristofa akawa anaoga mara mbili kwa siku. Leso zilirudi sufuriani safi kabisa, anazichemsha kwa mazoea tu, maji yanabaki meupe. Na bado mumewe akimpita karibu, mwili wake ulirudi nyuma wenyewe.

Sababu aliijua. Ilikuwa kwenye simu.

Ile rekodi ilikuwa inakua. Kila wiki Salvatory alimwambia aongeze kitu, ili kesho isichakae, na Kristofa alikuwa haoni haya kuisikiliza kwa sauti, uwanjani, watu wakipita. Kwanza aliongeza mbwa. Kisha akaongeza bati jipya na sauti ya mvua juu yake. Mama yake akaingia na kitenge cha njano, amekaa kwenye kiti chenye mto. Akaingia hata Maganga, jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba, amekuja na kofia mkononi kuomba yaishe. Maganga! Mtu ambaye Kristofa alikuwa akisikia jina lake anatema mate. Huyo alipewa kiti na sahani ya nyama.

Ng'washi alisikiliza kila toleo jipya akiwa anachambua mchele au kufagia. Alijiambia hasikilizi. Alikuwa anajitafuta. Labda wiki hii nitapita hata kwa nyuma, alifikiri, hata kivuli, hata mtu anakohoa jikoni. Wali uliiva. Uwanja ulifagiwa. Kabula alisukwa nywele. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yana harufu ya moshi. Na mikono iliyofanya hayo yote haikuwa ya mtu.

Kisha likaja lori. Ilikuwa msimu wa pamba, mchana wa vumbi, na lori likasimama barabarani likapiga honi mara kadhaa kwa namna ambayo Kristofa aliifahamu. Alikuwa Mayunga, utingo wake wa zamani. Alishuka, akaja mpaka uani akicheka, akamkumbatia, akamwonyesha kitu ndani ya pakiti ya sigara. Ng'washi aliona kutoka jikoni. Aliona ulimi wa mumewe ukitoka kulamba juu ya mdomo, pale ambapo kamasi ilikuwa ikishuka zamani. Ishara ile ilimrudishia kichefuchefu chote kwa mkupuo mmoja.

Lakini Kristofa alisema, "Ngoja." Aliketi chini ya mwarobaini. Akaweka spika masikioni. Jasho lilimtoka mpaka shati likaganda mgongoni, na alikuwa anasema kwa sauti, kama mtu anayesali akiwa na homa: jekundu, baka kwenye paji, la madoadoa, jeusi, pembe imeinama. Mayunga alisimama akimwangalia, akatikisa kichwa, akarudi barabarani.

Ng'washi alimwonea huruma. Hilo ndilo lililokuja kumkera zaidi baadaye, kwamba alimwonea huruma. Alimwona anapigana kwelikweli, akaweka ndoo chini, akaenda, akamshika bega.

Kristofa aliruka kama aliyeunguzwa. "Toka! Toka hapa! Umeifuta!" Alizing'oa spika, akasimama, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya wengine, kisha akakimbia barabarani akimwita Mayunga. Lori lilikuwa limeshaondoka. Bahati tu. Aliketi kwenye vumbi, miguu imenyooshwa, akalia na pua ikamvuja, na wapita njia walimtazama Ng'washi, mke gani huyu anamliza mgonjwa.

Walipokwenda kituoni, Kristofa alikuwa wa kwanza kusema. "Mwambie asinishike nikiwa nasikiliza."

Salvatory aliwatazama wote wawili. Alionekana kufikiri jambo alilopaswa kulifikiri mapema. "Kristofa," alisema, "katika siku ile yako, mama Kabula yuko wapi?"

Nje kwaya ya kanisa ilikuwa inajaribu wimbo na kuukosea mahali palepale.

"Nilijaribu kumweka," alisema Kristofa, akiongea na sakafu. "Mwanzoni kabisa. Nikimweka, naiona ile siku nyingine. Namwona amesimama barabarani na mtoto. Ananitazama. Basi pua inaanza kuwasha, mwili mzima unadai. Nikimtoa, panatulia. Ng'ombe wanaingia vizuri. Wewe mwenyewe ulisema niweke kinachotuliza."

Ng'washi alidhani atalia, akashangaa kuona kwamba anataka kutema mate. Yeye ndiye aliyechemsha leso. Yeye ndiye aliyempangusa matapishi kwenye ndevu, akamfungia mlango, akamfungulia, akadanganya kwa mjumbe, akadanganya kwa mchungaji. Na sasa uso wake ndio umekuwa uchafu. Mtu amejisafisha kwake kama unavyojifuta kwa kitambaa, kisha anakitupa mbali kwa sababu kinamkumbusha.

"Hilo tutalifikia," Salvatory alisema, akiinamisha uso kwa aibu. "Siyo jambo dogo, na siyo sawa liachwe hivyo. Ila kwa sasa Kristofa bado ni dhaifu. Mama Kabula, nakuomba, kwa sasa usilazimishe kuwemo."

"Nisiwemo."

"Kwa sasa."

"Kwa sasa nibaki kwenye kufua."

Walipokuwa wanatoka Salvatory alimwita pembeni, Kristofa akiwa ameshatangulia. "Na wewe, mama Kabula? Kesho yako ikoje?"

Ng'washi alicheka, kicheko kikavu. "Mshauri, mimi sivuti kitu."

"Najua. Nauliza tu."

Swali lile lilimkaa vibaya, kama mfupa wa samaki. Njiani alijaribu kulijibu kwa kejeli, akakuta kejeli haina pa kuanzia. Kesho yake? Kesho kuna unga wa kusaga. Keshokutwa kuna kuni. Jumamosi kuna leso. Baada ya Jumamosi hapakuwa na kitu kabisa, weupe mtupu. Alisimama barabarani kwa mshtuko. Miaka yote alikuwa anajiambia labda mwaka huu, labda akipona, labda baada ya mavuno, na alikuwa ameivuta hiyo labda asubuhi na jioni kwa matundu yote mawili ya pua. Kumbe kesho yake nayo ilishasinyaa, na hakuna aliyempeleka kituoni.

Jumamosi alikaa mbele ya ile sufuria, leso safi zinapanda na kushuka, akafumba macho ndani ya mvuke. Alijiona mpumbavu. Siku moja, alijiambia. Siyo maisha mazuri. Siku moja.

Hakuona kitu. Alisikia. Ilikuwa sauti ya cherehani, ile tiki-tiki inayokwenda mbio kwenye mshono ulionyooka na kupunguza kasi kwenye kona. Kisha harufu ya mafuta ya mashine vidoleni. Kisha kitambaa cha bluu cha sare za shule, kizito, kinateleza. Baraza la saruji, magari ya Mwanza na Musoma yanapita, mwanamke mmoja anacheka duka la jirani: ni Flora. Yeye na Flora walikua pamoja Lalago, sasa Flora aliuza mchele Nyashimo, na kila akipiga simu alimwambia lile lile, baraza lipo, mashine ya dada yangu imekaa bure inakula vumbi, wewe unangoja nini? Na Ng'washi kila mara alimjibu labda.

Kabula anatoka shule. Anasikia kwa sikio moja, lilelile, hakuna aliyemponya kwa mdomo, na anajua mwenyewe aketi upande gani. Anaketi. Anakula kiazi. Jua limefika kwenye miguu yao. Ng'washi ameacha kushona, amechota maji kwenye ndoo, ananawa, maji ni ya baridi, yananukia plastiki mpya, na amejichotea mwenyewe.

Akamtafuta Kristofa. Kwa haki kabisa alimtafuta: mlangoni, barabarani, nyuma ya duka la Flora. Hakuwepo. Akangoja aone kama patauma. Hapakuuma. Kilichomshangaza ni tumbo lake. Lilikuwa limetulia. Alipofungua macho na kuona leso, kichefuchefu kikarudi, naye akajua kwamba kinyaa chake kina anwani.

Tangu hapo alikwenda Nyashimo kila siku bila kutoka jikoni. Akamwambia Flora kwa simu, na safari hii hakusema labda.

Kwandu aliandaa karamu ya shukrani. Mbuzi alichinjwa. Alikuja mchungaji, akaja mzee Ndaki, baba mdogo wa Kristofa, wakaja watu wa kanisani na wa ukoo, wakajaa sebuleni na barazani. Ng'washi alipika tangu alfajiri. Alifagia uwanja, akamsuka Kabula, akamvalisha gauni la bluu alilokuwa nalo. Moshi ulimwingia machoni, na hapo akili ikampiga: uwanja umefagiwa, wali na nyama ya mbuzi, mtoto na gauni la bluu, Kwandu na kitenge cha njano alichokinunua makusudi. Hata Maganga alialikwa. Kesho ya Kristofa ilikuwa imefika yenyewe, ila ng'ombe tu ndio hawakuwepo.

Kristofa alisimama kutoa ushuhuda. Sauti yake ilikuwa nzuri, haikukwaruza tena. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mchungaji, akamshukuru mshauri Salvatory, akamshukuru mama yake kwa machozi yake. Akawaeleza ile siku anayoiona, rangi kwa rangi, na wazee waliokuwa wanasinzia wakaamka kwenye dume jekundu. "Amina," watu walisema. "Amina kabisa." Akaketi, chakula kikawekwa mbele yao, na mazungumzo ya ng'ombe yakaendelea.

Ng'washi aliingia na jagi na beseni, taulo begani. Alipiga magoti mbele ya mchungaji, akamimina. Akammiminia mzee Ndaki, ambaye alimshukuru, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama. Akammiminia Kwandu, akammiminia Maganga na wengine wote, kwa magoti, kwa heshima yote, maana wageni hawakuwa wamemkosea kitu. Akafika kwa Kristofa, wa mwisho. Kristofa alikuwa ameshainyoosha mikono, viganja juu, anamweleza mchungaji habari za pembe iliyoinama. Hakugeuka. Vidole vilikuwa vinang'aa mafuta, maana alishaonja nyama jikoni, na kucha ya kidole kidogo bado ilikuwa ndefu, ile aliyokuwa akichotea unga. Hakuwahi kuikata. Pua kavu, mwili mnene, ushuhuda mtamu, na ile kucha bado.

Magoti ya Ng'washi yalikuwa yameshaanza kukunjika yenyewe. Akayanyoosha.

"Maji," alisema Kristofa kwa sauti ya chini, bila kugeuka.

"Yapo tu."

Sasa aligeuka. Alitabasamu, akidhani ni utani wa kumfurahisha mbele za watu.

"Si ulimwambia mshauri hivyo, baba Kabula? Kwenye kesho yako maji yapo tu, hayaletwi na mtu. Na mimi nimeambiwa nisiwemo." Hakupaza sauti, ila sebule nzima ilimsikia. "Leo ndiyo kesho yako, imefika. Nawa."

Mzee Ndaki aliinamisha kichwa. Kwandu alisema, "We mama Kabula!" Ng'washi alikuwa ameshatoka nje na jagi lake. Alimwita Kabula, akammiminia mikononi maji yaliyobaki, akanawa na yeye, akajifuta kwa lile taulo, akalitundika juu ya sufuria ya leso. Kikapu chao cha nguo kilikuwa nyuma ya mlango wa jiko tangu jana. Masele angekuja na habari zake za ng'ombe; aje, angemkuta Nyashimo anashona. Na Kristofa huenda angerudi barabarani kutafuta honi za malori, huenda asirudi. Kwa mara ya kwanza jambo hilo halikuwa linachemka kwenye moto wake.

Walipokuwa wanavuka uwanja, kupitia mlangoni alimwona mumewe. Alikuwa bado ameinyoosha mikono, na nzi wameanza kutua kwenye mafuta. Watu waliokaa naye walitazamana, kila mmoja akingoja mwenziwe anyanyuke, kwa sababu katika nyumba ile kazi hiyo haikuwa ya mtu mwingine.

Walishika barabara. Kabula alimvuta kitenge.

"Mama, baba anaita maji."

"Nimesikia," Ng'washi alisema, akahamia upande wa kulia wa mtoto.